Iwashe Mpaka Chai Ichemke

Bofu, Likoni
Jumapili, 12 Januari 2025

Baba Cindy,

Huku tuko salama, ukiondoa kikohozi cha Menza kinachomwamsha yeye kisha kikaniamsha mimi. Cindy anauliza kama huko kwenye mashamba ya chumvi watu hulala juu ya chumvi. Nimemwambia atakuuliza mwenyewe ukirudi.

Naandika kwa sababu ile simu ya msimamizi wenu siitaki tena. Juzi nilisikia wanaume wakicheka nyuma yako, na wewe unanijibu "sawa, sawa" kama mtu anayenunua kiberiti. Tangu simu yako izame hatujazungumza jambo likafika mwisho. Boga amekubali kutubebea barua. Lori lake hushusha chumvi Changamwe Jumamosi, analala kwake hapa nyuma yetu, Jumapili jioni anarudi Gongoni. Kwa hiyo usiniambie huna njia.

Jambo lenyewe ni jeti-ski. Imekaa uani chini ya turubai, kuku wa jirani wamepata pa kutagia. Nilimwita fundi Babu kutoka Mtongwe. Aliiwasha, ikanguruma vizuri hata nikafurahi. Lakini Cindy hajamaliza ndizi yake, ikaanza kunuka kama sufuria iliyosahaulika jikoni, ikazima. Tukangoja. Ilipopoa ikawaka tena kama haikufanya kitu. Babu anasema kuna kitu kinaizuia kupoa, na njia ni mbili: aifungue yote akitafute, ama tuiuze. Anataka jibu, na mimi pia nalitaka. Cherehani yangu iliuzwa ili tuinunue hiyo jeti-ski, usisahau.

Halafu kuna hili. Babu alifungua tangi akasema, "Mama, mafuta yamo nusu." Siku ile uliporudi umelowa, bila simu, ukitetemeka kwenye jua la saa nane, uliniambia mafuta yaliisha.

Ni nini kilitokea siku ile?

Mimi,
Mbeyu

*

Gongoni
Ijumaa, 17 Januari 2025

Mama Cindy wangu,

Mwambie Cindy hatulali juu ya chumvi, chumvi ndiyo inayolala juu yetu. Iko kwenye nywele, kwenye ugali, kwenye nyufa za miguu. Jana nilimlamba mbu kwa bahati mbaya nikaona amekolea. Ucheke kidogo, maana barua yako haikuwa na kicheko hata kimoja.

Sasa sikiliza. Tuuze. Nimeshaongea na Nguma kwa ile simu usiyoitaka. Ana mteja, kijana wa Kiembeni anaitwa Hassan, anataka kuanza kazi ya kuzungusha wageni baharini kule upande wa Bamburi. Watakuja kuiona Jumapili asubuhi. Nguma atasimamia yote, yeye ndiye dalali, wewe kazi yako ni kufungua mlango wa ua na kuwapa chai. Iwashwe ikiwa baridi, waisikie, wazime, basi. Mambo ya fundi Babu yabaki kwa fundi Babu. Asiyeulizwa hajibu.

Hiyo ikiuzwa, mimi narudi. Unanielewa? Sitakaa hapa hata wiki. Nitashuka feri na begi langu, nitatafuta kazi nyingine yoyote hapo hapo, usiku nitamshika Menza wewe ulale.

Ya siku ile yameshapita. Nilirudi au sikurudi?

Wako,
Ngumbao

*

Bofu
Jumapili, 19 Januari 2025, jioni

Baba Cindy,

Wamekuja, wameondoka, nami sina raha.

Nguma alikuja na shati la kanisani na maneno mengi. "Shemeji, leo wewe kaa tu kama malkia." Hassan ni kijana wa heshima, alivua viatu hata kabla ya kuingia uani. Alizunguka jeti-ski akiishika kwa vidole viwili kama mtu anayemshika mtoto wa mwenzake. Nguma akaiwasha, ikanguruma, kuku wakaruka. Hassan akacheka kwa furaha. Nguma akaizima hapo hapo. "Umesikia mwenyewe! Hii ni simba!"

Nawe hukuniambia kwamba atakuja na mkewe. Jina lake Asmaa. Ana mimba kubwa, alikaa nami mkekani akamchukua Menza bila kuomba, akamlaza juu ya tumbo lake kama juu ya mto, na Menza akanyamaza. Mimi nilikula mahamri kwa mikono miwili, jambo ambalo sijalifanya tangu Desemba. Ameniambia nyumba yao iko karibu na msikiti, geti la kijani, yeye hufuma kofia na Hassan alikuwa akibeba mizigo Kongowea mpaka mgongo ukamshinda. Jeti-ski ndiyo tumaini lao. Akaniambia mtoto akizaliwa, Hassan ameahidi kumpandisha yeye kwanza, kabla ya mgeni yeyote.

Kisha akaniuliza, taratibu tu, "Dada, mbona mnaiuza?"

Nikamwambia, "Muulize Nguma."

Ndivyo nilivyomjibu. Chai yangu mkononi mwake, mwanangu juu ya tumbo lake, nami nikamwambia muulize Nguma.

Hassan atarudi kuichukua Jumapili ijayo. Sikiliza na wewe. Nataka urudi kuliko unavyotaka wewe kurudi. Silali, Ngumbao. Juzi nilitia chumvi kwenye uji wa mtoto nikidhani ni sukari. Lakini siwezi kununua usingizi wangu kwa mume wa mwenzangu. Bahari ya Bamburi ina mlango kwenye miamba, maji yakitoka yanavuta. Wewe unajua kuliko mimi.

Na leo Mama Mwokozi, yule muuza samaki wa ufuo wa Shelly, kaniuliza kama umepona hofu ya meli. Meli gani?

Jibu kabla ya Jumapili. Usipojibu nitaamua kwa kichwa changu.

Mbeyu

*

Gongoni
Ijumaa, 24 Januari 2025

Mbeyu,

Usiniharibie.

Wewe uko kwenye kivuli unapima haki na batili. Mimi nasimama kwenye maji ya chumvi tangu jua linapotoka, ngozi ya miguu inabanduka kama maganda ya muhogo. Ama unataka nikae huku mpaka niwe samaki ng'onda, unitundike ukutani?

Hassan ni mtu mzima. Ana macho, ana masikio. Kila anayeuza kitu kilichotumika anauza na kasoro zake, hata baiskeli. Ataipeleka kwa fundi wake. Nani alinikagulia mimi nilipoinunua?

Nimemwambia Nguma asingoje Jumapili. Ya Mama Mwokozi ni maneno ya sokoni.

Ukifungua mdomo, ujue ni mimi unayenifungia nje.

Ngumbao

*

Bofu, Likoni
Jumamosi, 25 Januari 2025

Dada Asmaa,

Mimi ni Mbeyu, yule mama wa Menza uliyekula kwake mahamri Jumapili iliyopita. Barua hii anakuletea Kafedha, jirani yangu, anayekwenda Kongowea alfajiri kuchukua mboga. Nimemwomba apitilize mpaka kwako. Geti la kijani, msikiti, hatapotea.

Leo asubuhi nilikuwa zahanati na mtoto, ana homa. Niliporudi nikakuta turubai limekunjwa na alama za magurudumu uani. Nguma amekuja na pikapu akaichukua, siku moja kabla. Nimempigia, amezima simu. Namba ya mumeo sina. Ningekuja mwenyewe, lakini Menza anachemka na siwezi kumvusha feri hivi.

Uliniuliza mbona tunaiuza, nikakutupia kwa Nguma. Jibu ni hili: ina ugonjwa. Ikiwa baridi huwaka vizuri, ndivyo mlivyoisikia. Ikipata moto inazima, na haiwaki tena mpaka ipoe. Ukiwa uani ni kero tu. Ukiwa katikati ya maji ni jambo jingine. Mume wangu ilimzimia pale panapopita meli, na mpaka leo hajaniambia yote.

Asiende nayo mbali. Kama haniamini, aifunge kamba kwenye nguzo, maji yakimfika kifuani, aiwashe na asiizime. Nawe ubandike chai kwenye jiko hapo ufuoni. Aikalie mpaka chai ichemke. Ikivumilia, mimi ni mwongo, mje mnitukane.

Mume wangu hajui kwamba nakuandikia. Atajua, nitamwambia mimi. Najua mkiirudisha yeye atabaki kule aliko. Hilo ni langu, usilibebe.

Tafadhali soma barua hii ukiwa umesimama, kisha nenda.

Mbeyu

*

Kiembeni
Jumatatu, 27 Januari 2025

Kwa Mbeyu,

Nilisoma nimesimama kama ulivyosema. Kafedha alifika jana jua limeshapanda, Hassan ameshaenda ufuoni na wenzake. Nilifunga leso kiunoni nikatoka hivyo hivyo. Mwenye bodaboda aliniona nilivyo akasema, "Mama, hospitali?" Nikamwambia, "Baharini. Twende."

Nilipofika alikuwa ameshapita maji madogo. Anazunguka, maji yanaruka, vijana wanapiga miluzi. Nikavua leso ya begani nikaipunga kwa nguvu zangu zote, nikaita mpaka koo likakauka. Unajua alifanya nini? Alidhani namshangilia. Akanipungia mkono, akageuza pua ya jeti-ski akaenda mbali zaidi ili anifurahishe.

Kisha ikanyamaza. Sijapata kusikia kimya kama kile, wallahi. Maji yalikuwa yanatoka, naye anakwenda nayo kuelekea kwenye mlango wa miamba, bila kelele, kama mtu anayesindikizwa. Nilikuwa na barua yako mkononi na hakuna wa kumsomea. Nikawakimbilia watu wa boti za vioo, zile za kuwaonyesha wageni samaki, nikamshika mmoja shati, nikamwambia yule pale ni mume wangu. Walimfikia mawimbi yameshaanza kuvunjika mbele yake. Wakamvuta kwa kamba.

Akaketi mchangani. Nikampa barua. Akaisoma, akaikunja, akasema, "Kumbe kuna mtu alisema."

Sasa nikwambie langu. Jana usiku nilikuchukia. Nilikumbuka mahamri yako na ule uso wako ukiniambia muulize Nguma, nikasema huyu mwanamke aliniangalia tumbo langu akaninyamazia. Leo nimeisoma tena ile barua. Umeandika "hilo ni langu, usilibebe." Sijui ningekuwa mimi kama ningeandika.

Hassan anairudisha Jumatano. Nguma ameshalia, ameapa, amerudisha pesa zetu. Hatutadaiana.

Menza homa imeshuka?

Asmaa

*

Bofu
Jumapili, 2 Februari 2025

Baba Cindy,

Nilifungua mdomo. Nakwambia mimi mwenyewe kabla Nguma hajakuimbia.

Nakutumia na barua ya Asmaa. Isome kwanza, kisha urudi hapa.

Umeisoma? Pale aliposema mumewe alikwenda bila kelele kama mtu anayesindikizwa, mimi nilikuona wewe. Nilikwenda Shelly, nikamkalisha Mama Mwokozi nikamwambia aniambie yote. Ameniambia meli ilipiga honi mara tatu. Ameniambia uliiacha jeti-ski ukaogelea, kisha ukairudia. Kwa nini uliirudia, Ngumbao? Kwa cherehani? Cherehani ni chuma!

Sasa ya jeti-ski. Imerudi. Nguma, bila haya, kaja na mtu wa kuinunua ivunjwe vipuri. Nikamwambia asubiri nje ya ua. Nikamwita Babu, nikamwambia, "Fungua. Nataka kuona kwa macho yangu kabla sijauza au kutengeneza."

Akafungua ile njia ndogo ya maji yanayopoza injini. Ndani imejaa gamba jeupe, gumu, hata sindano yangu ya kushonea haikupita. Babu akasema, "Chumvi ya bahari hiyo." Nikalikwaruza kwa ukucha. Nikaingia jikoni nikatoka na ile sufuria yangu ya kuchemshia nepi za Menza. Nikamwonyesha Babu chini yake. Gamba ni lile lile, rangi ile ile, hata ukwaruzaji wake ni ule ule. Sufuria hiyo haijafika baharini. Sufuria hiyo inajua maji ya kisima chetu tu.

Basi nikakaa chini pale pale uani.

Wageni uliokuwa unawazungusha baharini wakimaliza, ulikuwa unairudisha na kuisafisha ndani kwa mpira kutoka kwenye lile pipa la ukutani. Nilidhani pipani unatia maji matamu. Nilikuwa nakusikia alfajiri ukivuta ndoo kisimani nikadhani unaoga. Ulikuwa unaondoa chumvi ya bahari kwa chumvi ya kisima, kila siku.

Na najua kwa nini. Mitungi ya maji matamu tuliyokuwa tunanunua kwenye mkokoteni, niliiweka nyuma ya mlango nikasema ni ya mtoto, na atakayeigusa tutajuana. Nilisema kwa sauti gani, mimi sikumbuki. Wewe nadhani unakumbuka.

Babu anasema pistoni haijakwaruzika. Ameziba, ametia siki, inatoa povu kama sabuni, na gamba linatoka vipande vipande. Nyumba yote inanuka achari, Cindy anauliza tunapika nini. Itachukua siku, lakini haitachukua injini mpya.

Kwa hiyo haiuzwi. Haitauzwa kwa Hassan wala kwa mvunja vipuri. Nguma nimempa kikombe cha chai, nikamwonyesha njia ya kwenda.

Sijakufungia nje. Ila mlango huu nimeufungua kwa upande wangu. Fungua na wewe kwa wako. Uandike, hata mstari mmoja, wa kweli.

Mbeyu

*

Gongoni
Ijumaa, 7 Februari 2025

Mama Cindy,

Nimesoma ya Asmaa, nikairudisha kwenye bahasha, nikaitoa tena. Wenzangu wameniuliza nani kafa.

Uliyosikia Shelly ni kweli. Honi zilikuwa nne. Niliirudia kwa sababu nilipokuwa naogelea nilijiuliza nitafikaje nyumbani mikono mitupu, nimwambie Mbeyu nini. Meli ilinipita karibu hata nikaona kutu yake. Sikukwambia kwa sababu ungeniambia nisirudi tena baharini, na mimi nisingeweza kukubishia.

Maji ya kisima ni kweli. Niliyaonja kwanza, nikasema si kama ya bahari, yanatosha. Ningekuomba mtungi mmoja wa maji matamu, ungenipa?

Huyo Hassan angekwenda na maji, ningesikia huku kwa Boga, juu ya lori. Silali sasa na mimi.

Naweza kuja?

Ngumbao

*

Bofu
Jumapili, 9 Februari 2025

Baba Cindy,

Hapana, nisingekupa. Menza alikuwa mdogo na mimi nilikuwa nimechoka, ningekwambia jeti-ski hainyonyi. Lakini tungegombana mchana, mezani, kisha tungepata akili ya tatu. Ungeniachia nikugombeze. Ugomvi haumzamishi mtu.

Jana Babu aliifunga kamba pale Mtongwe, maji kifuani, akaiwasha. Mimi nilibeba jiko la mkaa mpaka ufuoni, watu wakanicheka, nikabandika chai. Asmaa alikuja na Hassan, wakakaa nami mchangani. Chai ikachemka. Nikaiacha ichemke tena mpaka ikamwagika kwenye mkaa. Injini ilikuwa bado inaimba. Hassan ndiye aliyeizima, akaiwekea kiganja, akasema, "Vuguvugu tu." Asmaa akanywa chai iliyoungua, akasema ni nzuri. Mwongo.

Njoo na Boga Jumamosi. Ukifika, kabla hujalala, utakwenda Kiembeni, geti la kijani. Maneno ya kusema utayatafuta mwenyewe njiani, sikuandikii.

Nyuma ya mlango kuna mitungi miwili ya maji matamu. Wenye kifuniko chekundu ni wa Menza. Wenye kifuniko cheusi ni wa injini. Ukiona mweusi umeisha na mkokoteni haujapita, usiende kisimani.

Niamshe, uniambie.

Mbeyu wako